Oakland Haikuitupa Timu Yake

Septemba ya 2025 ilitoa habari mbili za besiboli kaskazini mwa California, na karibu kila niliyemsikia akizizungumzia alizisoma kichwa chini miguu juu. Ya kwanza: Athletics, timu iliyokaa Oakland misimu 57, ilimaliza mwaka wake wa kwanza wa ugenini Sacramento ikiwa ya mwisho kwa mahudhurio kati ya timu zote 30 za MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, chini ya watu 10,000 kwa mechi. Ya pili: Oakland Ballers, katimu kadogo kalikoanzishwa na wenyeji waliokataa mji wao ukae bila besiboli, ilitwaa ubingwa wa Pioneer League, ligi ndogo ya besiboli, katika msimu wake wa pili tu. Tafsiri iliyoenea ni kwamba Athletics haikuwa na watu Oakland, haina watu Sacramento, na itakuja kupumua ikifika Las Vegas mwaka 2028. Hao Ballers ni pipi ya kumnyamazishia mtoto anayelia. Mimi nasema mashabiki hawakuiacha timu. Timu ndiyo iliyowabandua mashabiki wake, tabaka baada ya tabaka, na kilichowezesha hilo si ubovu wa uwanja wala uvivu wa watu. Ni namna ligi yenyewe ilivyoundwa: nafasi 30, zote zina wenyewe, na hakuna mlango wa mtu mwingine kuingia.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, yapo mawili ya kujua kwanza. Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani, karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Mchezo wa namna hiyo hauishi kwa shamrashamra za dabi. Unaishi kwa mazoea, kama kahawa ya jioni barazani: mtu anakwenda Jumanne usiku, timu imefungwa mara sita mfululizo, kwa sababu Jumanne ndiyo siku yake na jirani yake wa kiti atakuwepo. La pili ni kwamba viwanja vya besiboli havifanani. Umbali kati ya besi moja na nyingine, yaani vituo anavyokimbilia mpigaji, ni uleule kila mahali, lakini uzio wa nje kila mji umejichorea wake. Boston wana ukuta mrefu wa kijani upande wa kushoto unaogeuza mpira wa kawaida kuwa balaa. Coliseum ya Oakland ilikuwa na eneo pana mno nje ya mistari ya pembeni, kiasi kwamba mpira uliopaa ambao kwingine ungemwangukia shabiki mapajani, pale ulidakwa na mpigaji akatoka. Warushaji waliupenda uwanja ule, wapigaji waliuchukia. Kwa hiyo kumhamisha shabiki wa besiboli si sawa na kuitoa mechi Uhuru ukaipeleka Mkapa hapo jirani. Unambadilishia na mchezo aliouzoea.

Tuanze na hoja yenye ukweli mwingi zaidi upande wa pili: uwanja ulikuwa mbovu. Hilo sibishani nalo. Coliseum ilifunguliwa mwaka 1966 ili itumike kwa besiboli na kwa futiboli ya Kimarekani, na kama godoro la watu wawili wenye urefu tofauti, haikumtosha yeyote. Maji taka yaliwahi kufurika hadi vyumba vya wachezaji. Paka wa mitaani walizaliana humo, na mwaka 2023 mnyama mmoja wa porini alihamia kwenye chumba cha watangazaji wageni na kuwafukuza. Miaka ya nyuma, kabla ya 1995, aliyekaa nyuma ya mpigaji aliiona milima ya Oakland juu ya uzio wa nje. Raiders, timu ya futiboli, waliporudi kutoka Los Angeles mwaka huo, likajengwa jukwaa kubwa la saruji kuwaridhisha, likaifuta milima yote. Watu walilibandika jina la mmiliki wa Raiders, wakaliita Mount Davis, mlima wa kufidia ile iliyofichwa. Deni la ujenzi ule lilibaki kwa walipa kodi wa Oakland na kaunti ya Alameda, na waliendelea kulilipa hata baada ya Raiders kuondoka tena, safari hii kwenda Las Vegas, mwaka 2020.

Lakini deni hilohilo ndilo linalonyoosha hoja ya pili, kwamba wanasiasa wa Oakland walikuwa wazito na wenye longolongo. Uzito ulikuwepo. Mradi wa uwanja mpya kando ya maji pale Howard Terminal, uliobeba nyumba, ofisi na hoteli na kukadiriwa kugharimu dola bilioni 12, ulipita kwenye kamati zisizo na idadi. Ila mji uliokwisha kuumwa na nyoka ukiona ung'ong'o una haki ya kuuchungulia mara mbili. Baraza la mji lilipiga kura Julai 2021 kuunga mkono masharti yake lenyewe ya mradi, mazungumzo yakaendelea, na Aprili 2023 wakazi wakasikia kupitia vyombo vya habari kwamba timu imepata ardhi Las Vegas. Na kabla ya hapo kuna jambo ambalo wanaoilaumu Oakland hulisahau. Athletics ilitaka kuhamia San Jose, mwendo wa saa moja tu kwa gari, mji mkubwa wenye fedha na uliokuwa tayari kuipokea. Ligi ikakataa kwa sababu San Jose ni himaya ya San Francisco Giants, timu nyingine ya ligi hiyohiyo. Mji wa San Jose ukaenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Kwa maneno mengine, ligi iliyozuia timu kusogea hatua chache, pale ambapo mashabiki wake wangeweza kuifuata kwa treni, ndiyo hiyohiyo iliyopiga kura 30 kwa 0 Novemba 2023 kuiruhusu ivuke hadi jangwani, tena bila kuitoza ada ya kuhama.

Sasa hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi: watu hawakuja. Takwimu zipo, na anayezitoa hutoa zile za mwisho tu. Mwaka 2022 Oakland haikufikisha watazamaji 800,000 kwa msimu mzima, na kwa ligi hii huo ni msiba. Lakini turudi nyuma kidogo. Mwaka 1990 waliingia watu milioni 2.9 katika uwanja huohuo. Mwaka 2014, saruji ya Mount Davis ikiwa imekwishaziba milima na mabomba yakiwa yamekwishapasuka, waliingia zaidi ya milioni mbili. Tarehe 2 Oktoba 2019, katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tampa Bay Rays, walikuwa 54,005, idadi ambayo mechi ya aina hiyo haikuwahi kuipata. Uwanja ni uleule, mji ni uleule, paka ni walewale. Kilichobadilika kati ya 2019 na 2022 ni nini?

Kilichobadilika ni kikosi, na bei. Timu ya 2018 na 2019 ilishinda mechi 97 kila mwaka. Marcus Semien, kijana wa eneo hilohilo la Bay linaloizunguka Oakland, akaachwa aondoke baada ya 2020. Mwanzoni mwa 2022, katika wiki chache tu, Matt Olson akapelekwa Atlanta, Matt Chapman Toronto, Chris Bassitt New York kwa Mets, Sean Manaea San Diego. Kabla ya mwaka kuisha Frankie Montas na Sean Murphy nao wameuzwa. Wakati huohuo tiketi za msimu zikapandishwa bei. Timu ikapoteza mechi 102 mwaka huo na 112 mwaka uliofuata. Moyoni mwa mmiliki John Fisher sikuwahi kuingia, kwa hiyo nia yake siijadili. Najadili duka. Mwenye duka akitoa bidhaa zote nzuri rafuni, akapandisha bei ya zilizobaki, akatangaza anahamia mji mwingine, halafu akahesabu wateja na kusema mtaa huu haununui, hata mtoto wa darasa la nne atamuuliza swali.

Mashabiki wenyewe walilijibu hilo kwa njia ambayo sijaiona kwingine. Tarehe 13 Juni 2023, badala ya kugoma, waligoma kinyume: waliujaza uwanja Jumanne ya kawaida, watu 27,759, wamevaa fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki auze. Timu iliyokuwa mbovu kuliko zote ikawafunga Rays, waliokuwa miongoni mwa bora kuliko wote, 2-1. Siku hiyohiyo kule Carson City, mji mkuu wa Nevada, jimbo lenye Las Vegas, Seneti ya jimbo ilikuwa inapitisha mswada wa kutoa hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa Las Vegas. Kamishna wa ligi, Rob Manfred, alipoulizwa baadaye, alisema kwa kejeli kwamba ilipendeza kuona kwa usiku mmoja umati unaokaribia wastani wa ligi.

Nilikuwepo siku ya mwisho, 26 Septemba 2024. Ukishuka treni ya BART unapita daraja refu la waenda kwa miguu juu ya reli, wachuuzi wamepanga majiko pande zote, soseji zimeviringishwa nyama ya nguruwe na vitunguu vinachemka mafuta. Mimi huishia kununua maji. Siku hiyo tulikuwa 46,889, Texas Rangers wakafungwa 3-2, kocha Mark Kotsay akashika kipaza sauti akaaga, na watu hawakuondoka. Mbele yangu mzee mmoja aliinama ukutani akamwomba kijana wa uwanja udongo. Kijana akachota, akamtilia kwenye kikombe cha soda kilichokwisha, mzee akakifunika kwa kofia yake na kukipakata kama mtu aliyebeba kifaranga. Huyo naye, kwenye jedwali la mahudhurio, amehesabiwa upande wa mji usiopenda besiboli.

Ipo hoja moja dhidi yangu inayoniuma kweli, na wanaonipinga huitumia mara chache mno. Oakland yenyewe iliipata timu hii kwa mji mwingine kulizwa. Athletics ilianza Philadelphia mwaka 1901, ikahamia Kansas City mwaka 1955, na Charlie Finley ndiye aliyeing'oa huko na kuileta Oakland mwaka 1968. Mataji manne ya Oakland, matatu ya mfululizo wa 1972 hadi 1974 na lile la 1989, kwa mtazamo wa shabiki mzee wa Kansas City ni mataji ya mtoto aliyeibwa. Rickey Henderson, aliyekulia Oakland na kuiba besi 1,406, yaani kuchomoka kwenda kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe, rekodi ambayo hakuna anayeikaribia, angekuwa shujaa wa timu ipi kama Finley asingefunga mizigo? Anayelilia Oakland bila kuikumbuka Kansas City analia na jicho moja.

Lakini hebu tuangalie Kansas City ilifanyiwa nini baada ya hapo. Seneta wa Missouri, jimbo lenye mji huo, Stuart Symington, alitishia kuigusa kinga ya ligi dhidi ya sheria za kuzuia ukiritimba. Kinga hiyo ilitokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1922 kwamba besiboli si biashara ya kuvuka majimbo, uamuzi ambao hata majaji waliofuata waliuonea haya ila hawakuufuta. Tishio lilifanya kazi. Ligi, iliyokuwa imepanga kuongeza timu baadaye, ikaharakisha, na mwaka 1969 Kansas City ikapata Royals. Mji ulikaa bila timu msimu mmoja tu. Seattle iliporwa timu yake baada ya msimu wa 1969, ikashtaki, ikapewa Mariners mwaka 1977. Miji hii haikurudishiwa besiboli kwa sababu watu wake walikuwa waaminifu kuliko wa Oakland. Ilirudishiwa kwa sababu mtu mwenye meno alionyesha meno. Safari hii hakuna aliyeyaonyesha kwa uzito wa kutosha.

Hapa ndipo msomaji aliyekulia kwenye mpira wa miguu, kama mimi, anapotatizika, kwa sababu kwetu timu kuhama si jambo geni. Mwaka 2024 tuliiona Ihefu ya Mbarali, Mbeya, ikigeuka Singida Black Stars. Uingereza, Wimbledon ilihamishiwa Milton Keynes mwaka 2003. Uchungu ni uleule. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Mashabiki wa Wimbledon walianzisha timu yao mwaka 2002, uhamisho uliporuhusiwa tu, kwenye ligi za chini, wakapanda daraja baada ya daraja, mwaka 2011 wakaingia ligi za kulipwa, na mwaka 2018 walibaki daraja la tatu huku ile iliyowahama ikishuka. Mbarali nao, wakipata kocha na fedha ya nauli, hakuna sheria inayowazuia kupanda. Oakland Ballers wanacheza Raimondi Park, uwanja wa mtaani huko West Oakland, viti takriban 4,000, katika ligi ambayo wapinzani wake wengi ni miji midogo ya Montana, Idaho na Utah. Mashabiki wamenunua hisa. Wamekuwa mabingwa. Wakiwa mabingwa mara 20 mfululizo bado watakuwa Pioneer League, maana besiboli ya Marekani haina kupanda wala kushuka. Athletics walipoteza mechi 112 na nafasi yao ikawa salama kama dhahabu benki. Thamani yake hata ilizidi. Ndiyo maana nasema uwanja ni kisingizio kizuri kuliko kuwa sababu. Anayeshika moja ya viti 30 anajua kwamba mji ulioachwa hauwezi kujitengenezea cha 31, na mji unaotamani utalipa chochote ili upewe kimojawapo. Uwanja mpya ndiyo sarafu inayolipiwa.

Na kama ilikuwa ni kutafuta mahali bora pa kuchezea, Sacramento inachekesha. Sutter Health Park ni uwanja wa ligi ndogo, ni makao ya timu nyingine, unaochukua watu 14,000 hivi, na hata hao hawakufika. Ni kweli idadi haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ya uwanja mkubwa, lakini Oakland katika mwaka wake wa mwisho, ikijua kabisa inaachwa, iliingiza zaidi ya 900,000. Jua la Sacramento la Julai linakausha mate mdomoni. Vyumba vya wachezaji viko nyuma ya uzio wa nje, kwa hiyo mrushaji aliyetolewa anatembea uwanja mzima machoni pa watu. Luis Severino, aliyesajiliwa kwa dola milioni 67 kwa miaka mitatu, mkataba uliokuwa mkubwa kuliko wowote katika historia ya timu wakati huo, alilalamika waziwazi, na wastani wake wa kufungwa nyumbani ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa ugenini. Wenyeji nao wameonyeshwa nafasi yao. Timu haikubali kuitwa Sacramento. Inajiita Athletics tu, kama mtu asiyetaka kutaja kwao, na jezi ina nembo ya Sacramento mkono mmoja na ya Las Vegas mkono wa pili. Kisha mtu anashangaa watu wa Sacramento hawatoi roho zao kwa mpangaji ambaye mizigo yake iko mlangoni.

Kinachokera zaidi ni kwamba sasa timu inapendeza kuitazama. Walishinda mechi 76 mwaka 2025, kutoka 50 miaka miwili nyuma. Tarehe 25 Julai, Nick Kurtz, kijana wa msimu wake wa kwanza, aliutoa mpira nje ya uzio mara nne dhidi ya Houston katika mechi moja na kugonga sita kati ya sita. Hakuna chipukizi aliyewahi kuutoa mara nne. Alichaguliwa chipukizi bora wa American League, na aliyemfuata kwa kura, Jacob Wilson, anavaa jezi hiyohiyo. Fedha zilizosemwa hazipo Oakland zimeanza kuonekana, mikataba mirefu inasainiwa. Ni kikosi cha kujaza Coliseum.

Matokeo ya haya hayaishii Oakland. Aprili 2024 wapiga kura wa Jackson County, yaani Kansas City ileile, walikataa kodi ya kuwajengea Royals uwanja mpya, na baada ya siku hiyo miji mingine ikatajwa karibu nao kwa sauti ya kusikika. Ligi inasema inataka kuongeza timu mbili. Mimi nitaamini nikiona, kwa sababu mji mtupu una faida: ndio fimbo. Las Vegas ilikuwa fimbo kwa miaka mingi. Ikishatumika itahitajika nyingine, na kila mji utakaopewa timu mpya ni fimbo iliyovunjika. Walimu wa Nevada walijaribu kupeleka suala la zile milioni 380 kwa wapiga kura na mahakama ya jimbo ikaukataa waraka wao, kwa hiyo hata huko hatujui watu wa kawaida wangesema nini.

Watoto wa Las Vegas hawana kosa. Watapata uwanja wenye paa na kiyoyozi pale ilipobomolewa hoteli ya Tropicana, viti takriban 33,000, na Jumanne usiku kwa mara ya kwanza watakuwa na mahali pa kwenda. Timu imesaini kwamba haitahama kwa miaka 30. Philadelphia iliipata misimu 54, Kansas City 13, Oakland 57. Mtoto atakayezaliwa Las Vegas siku geti linafunguliwa atakuwa na miaka 30 mkataba ukiisha, pengine na wake mwenyewe mabegani, akimweleza mrushaji ni yupi na kwa nini mpigaji ametoka.